Mrejesho: mkanda wa taimingi wa Land Cruiser yangu

Wandugu, niliuliza kama naweza kungoja kubadilisha mkanda wa taimingi (ule unaozungusha kamshafti, shafti inayofungua vali za moteri), maana taa ya T-BELT, ile ya dashibodi inayokumbusha kuubadilisha, ilikuwa haijawaka. Ni Land Cruiser ya dizeli, moteri 1HZ, niliyoinunua ikiwa imeshatembea kilomita 212,000. Mkaniambia nisiiamini taa.

Mlisema kweli. Fundi wangu hapa Goma kanieleza kuwa taa ile haipimi mkanda, inahesabu kilomita tu, na mtu anaweza kuirudisha sifuri bila kugusa chochote.

Tukafungua kifuniko. Kwa nje mkanda ulionekana mzima, hata nikaanza kuzionea pesa zangu huruma. Alipoupindua, nyufa kwenye mashina ya meno! Na upande mmoja umelowa oili, sili ya kamshafti (mpira unaozuia oili isitoke) inavuja. Ungekatika njiani, pistoni zingegonga vali.

Tumeweka mkanda mpya, roli ya kukaza na sili. Pompu ya maji tumeiacha, kwa moteri hii haizungushwi na mkanda huo (mzee uliyenishauri niinunue, unisamehe).

Kilomita za siku hiyo nimeziandika kwa rangi nyeupe ndani ya boneti, nisiitegemee taa tena.