Naomba ushauri: PhD ya nyurosayansi ya molekuli, nianzie wapi?

Mpogoro_wa_Dar
Habari zenu wakuu. Nina digrii ya kwanza ya baiolojia ya molekuli, GPA 3.9, saivi nipo maabara ya hospitali moja napima sampuli kutwa. Ndoto yangu ni PhD ya nyurosayansi ya molekuli, nataka kujua ndani ya seli ya ubongo kinaharibika nini mtu akipata kifafa. Shida chuoni ubongo tulisoma topiki moja tu, PCR (kunakili DNA maabara) naijua vizuri ila nyuroni, yaani seli ya neva, ikiwa hai sijawahi kuiona kwenye hadubini. Je lazima masta kwanza? Ada sina, na nyumbani wanasema nitulie na ajira. Alafu nikimaliza nitarudi kufanya nini huku? Walio kwenye fani nisaidieni, nipo siriasi.

Dada_Hadubini
Mdogo wangu masta inategemea nchi. Marekani unaingia PhD na digrii ya kwanza, miaka 5 mpaka 6, kwa kawaida ada wanakulipia na posho juu, na programu nyingi mwaka wa kwanza unapita maabara mbili tatu ndio unachagua pa kukaa. Ujerumani wengi wanataka masta, ila kuna programu kama ile ya mji wa Göttingen ya taasisi za utafiti za Max Planck na chuo kikuu, inafundishwa kwa Kiingereza, unaingia na digrii ya kwanza, wanakukamua mwaka mzima na ukifaulu vizuri sana unavuka kwenda PhD bila kuandika tasnifu ya masta. Mji huohuo Neher na Sakmann ndio walipobuni namna ya kupima umeme unaopita kwenye tundu la protini moja tu kwenye utando wa seli, wakapewa Nobel 1991. Mpaka leo kazi ni ileile, una mrija wa kioo wenye ncha nyembamba kuliko unywele unatafuta kuunasisha kwenye nyuroni, mimi ilichukua miezi mkono kutulia.

Kutosoma ubongo kusikutishe, darasani kwetu kuna waliotoka fizikia na famasia. Mkono wa PCR ni mtaji. Unachokosa ni swali, barua ikisema "napenda ubongo" haiendi popote.

Kaka_wa_Inzi
Naongezea hapo kwa dada. Kabla hujaaplai tafuta kozi fupi, IBRO, shirika la kimataifa la utafiti wa ubongo, wana shule zao Afrika, na shirika la TReND in Africa walianzia hapo jirani Ishaka, Uganda, 2011, wakifundisha nyurosayansi kwa kutumia inzi wa matunda. Usimdharau inzi mkuu. Chakula chake unga wa mahindi, sukari na hamira, ndani ya siku kumi hivi una kizazi kipya, na jeni nyingi zinazoleta magonjwa kwetu na yeye anazo. Wapo inzi wenye hitilafu ya jeni ukigonga chupa yao mezani wanaanguka na degedege, yaani kifafa unakiona kwa macho na unaweza kukifuatilia mpaka kwenye protini yenyewe. Kwa swali lako hilo mimi ningeanzia hapo.

Nesi_Ulanga
Jina lako limenigusa maana mimi ni wa hukohuko kwa Wapogoro. Unauliza utarudi kufanya nini? Mdogo wangu, Mahenge daktari Louise Jilek-Aall alianza kuwatibu wenye kifafa miaka ya 1960 na akaandika kuhusu watoto wanaoangusha kichwa mbele, wenyeji wakisema amesinzia kichwa, wengine kinawaanza wakiona tu chakula. Kaskazini mwa Uganda na Sudan Kusini wapo pia, na ni kulekule kwenye usubi, ule ugonjwa wa minyoo unaoenezwa na inzi weusi. Mwaka 2017 watafiti wakasema huenda kingamwili za kupambana na minyoo ya usubi zinashambulia protini ya leiomodini-1 ndani ya nyuroni, wengine wakapima hawakuona hivyo, wengine tena wakakuta protini ya tau imejikusanya kwenye bongo za watoto waliofariki. Hadi leo mjadala. Sasa hilo si swali la molekuli? Nani atalijibu akiwa na uchungu nalo kama si mtoto wa pale?

Baba_Wawili
Nyumbani waambie ukweli kwamba huko nje PhD mara nyingi ni kazi yenye mshahara, Ujerumani unasaini kabisa mkataba wa ajira, sio kuzunguka. Ila msimamizi mchunguze. Waandikie wanafunzi wake, uliza wanamaliza kwa muda gani na wanaachwa kuandika makala zao wenyewe au la. Mimi sikuuliza, ikanigharimu mwaka mzima.

Mpogoro_wa_Dar
Nesi umeniliza. Mtoto wa shangazi yangu ndio huyo, akiwekewa ugali kichwa kinashuka, sikuwahi kufikiria naweza kumuandika kwenye barua ya maombi. Leo usiku naiandika upya. Dada Hadubini nikikutumia utaisoma?

Dada_Hadubini
Tuma inboksi. Ukurasa mmoja usizidi, jina la mtoto usiliweke, na hiyo habari ya leiomodini na tau kasome makala zenyewe kwanza, kwenye usaili watakuuliza.