Roboti inayosoma hisia ikae na mama aliyepooza: tukubali au tukatae?

Mpangani
Wakuu, habari za jioni. Mama yetu alipata kiharusi, upande mmoja wa mwili hauna nguvu. Kwenye kikao cha familia mdogo wetu aliye ughaibuni ametoa hoja tuchange tununue roboti, zile zenye kichwa na mikono kama mtu, zinazoongea na kusoma hisia za mtu usoni, ikae na mama mchana. Nusu ya ndugu wameafiki. Mimi nimekataa. Mashine hiyo inatazama nyusi, macho na pembe za mdomo, na mdomo wa mama umeshuka upande tangu augue. Akicheka, asiyemjua atadhani analia. Sisi kicheko chake tunakijua kwa mabega. Mashine itajuaje? Naomba hoja zenu, wa kukubali na wa kukataa.

Fundi Kondo
Mkuu, acha woga. Pepper ya kampuni ya SoftBank ya Japani ilitangazwa Juni 2014 kuwa roboti inayosoma hisia. Urefu kama sentimita 120, skrini kifuani, na haitazami uso tu, inasikiliza na sauti. Ilipoanza kuuzwa kwa wananchi wa kawaida Juni 2015, bei ilikuwa yeni 198,000, na elfu moja za kwanza zilikwisha ndani ya dakika moja. Wajapani si wajinga.
Na tuambiane ukweli, ni watoto wangapi humu wanasoma hisia za mama zao? Mtu anaingia sebuleni, "shikamoo mama", macho kwenye simu, huyo katoka. Roboti angalau itamtazama.

Bi Mwantumu
Fundi, hizo zimetengenezewa watu waliotupa wazee wao. Huko Ulaya na Japani mzee akishindwa kutembea anapelekwa nyumba ya kulelea, anakaa na watu baki mpaka afe. Sasa hao watu baki nao wamechoka, wanamletea midoli. Kwetu mzazi analelewa na mwanawe. Mpangani mwanangu, kataa, mada imekwisha.

Nesi Bremen
"Anakaa na watu baki mpaka afe." Huyo mtu baki ni mimi, Bi Mwantumu. Mimi ni Mkenya, niko Ujerumani, na kazi yangu ni kulea hao unaosema wametupwa.
Kuna bibi mmoja kwenye zamu yangu, kumbukumbu zimempotea. Ukimuuliza kama anaumwa anatabasamu, tena tabasamu safi kabisa, ndivyo alivyolelewa, mgeni haonyeshwi maumivu. Ninajua nyonga inamuuma nikiona kidole gumba kinasugua ukingo wa shuka. Daktari hakuniambia hilo, na wanawe hawakulijua. Nimelijua kwa kumgeuza usiku baada ya usiku. Kwa hiyo Mpangani, kuhusu roboti niko upande wako, ingesoma lile tabasamu na kuandika kwamba bibi ana furaha.
Lakini wewe Bi Mwantumu nikuulize: huko "kwetu", anayembadilisha mzee pampasi saa tisa usiku ni mwanawe, au ni kisichana cha darasa la saba kilichotolewa kijijini?

Bi Mwantumu
Hunijui, usinihukumu. Mama yangu nimemwogesha kwa mikono yangu mpaka siku ya mwisho, na siku hiyo nilikuwamo miongoni mwa waliomwosha. Wanaowaachia wazazi wasichana wa kazi ni nyinyi mlio nje. Mnatuma pesa kwa simu mwisho wa mwezi, kisha mnapiga video, "mama mbona umekonda?" Kulea hakutumwi kwa simu.

Msafiri Sharjah
Bi Mwantumu, shikamoo. Nimesoma na nimeumia. Aliye nyumbani analea kwa mikono, nakubali na Mungu amlipe. Lakini vidonge vya presha vinatoka wapi? Mtu wa mazoezi ya viungo analipwa na nani? Godoro la upepo la kuzuia vidonda vya mgongoni umewahi kuuliza bei yake? Huku tunalala vitanda vya juu na chini chumba kizima ili hayo yapatikane. Baba yangu alizikwa nami niko huku, tiketi ilishindikana. Usiseme tunatuma pesa kama mtu anayetupa makombo.
Hayo ya roboti, Dubai walimtambulisha askari roboti mwaka 2017, ikasemwa anatambua sura na ishara za mkono kutoka mita 1.5, na hisia pia. Barabarani ninaowaona mimi ni askari wa nyama na damu.

Mwalimu Ngonyani
Samahani, naomba turudi kwa Mpangani, maana hoja yake ni nzito na imeachwa mlangoni. Mwaka 2019 mwanasaikolojia Lisa Feldman Barrett na wenzake wanne walichapisha mapitio ya tafiti zaidi ya 1,000 kuhusu uso na hisia. Waliona kwamba mtu mwenye hasira hukunja uso takriban mara 30 tu katika 100. Mara zilizobaki hunyamaza, hutabasamu, hata hulia. Na wapo wanaokunja uso kwa sababu wanafikiri, au jua linawapiga. Hao ni watu wenye nyuso nzima.
La pili, Lauren Rhue wa Marekani alizijaribu programu mbili za kusoma hisia kwa picha za wachezaji wa mpira wa kikapu wa NBA. Wachezaji weusi walisomwa kuwa na hasira na hisia mbaya zaidi kuliko weupe. Mpangani, mama yako ni mweusi na uso wake umepooza. Mashine haina huruma na haina mafunzo ya uso kama huo. Ikimwona "ana huzuni" kutwa nzima, itamwimbia nyimbo za kumbembeleza mtu ambaye hana huzuni, na siku akiwa nayo kweli haitaona tofauti.

Fundi Kondo
Sijasema popote kwamba mashine ina huruma, Mwalimu usinilishe maneno. Na Bi Mwantumu, neno "midoli" limeniudhi. Kulikuwa na mradi wa CARESSES, Pepper ziliwekwa kwenye nyumba za wazee Uingereza na Japani. Wazee walikaa nayo mpaka saa 18 kwa jumla ndani ya wiki mbili, na hali yao ya kiakili ilipimwa ikaonekana imepanda. Mdoli haufanyi hivyo. Hata majirani zetu Rwanda walitumia roboti hospitalini wakati wa Uviko, nadhani 2021, na dunia nzima iliwasifu. Sisi tunabaki kusema haiwezekani.

Mwalimu Ngonyani
Rwanda ilikuwa Mei 2020, roboti tano, baadhi zikapelekwa kituo cha Kanyinya, Kigali, zimetoka Ubelgiji. Kazi yake ilikuwa kupima joto, kuona nani hajavaa barakoa, na kupunguza wauguzi kuingia wodini mara kwa mara wakaambukizwa. Hakuna aliyezileta kwa ajili ya upweke wa mgonjwa.
Na hiyo Pepper unayoisifu, utengenezaji ulisimamishwa 2020 baada ya kutoka kama 27,000. Aldebaran, kampuni ya Ufaransa iliyoibuni, ilifilisika 2025. Ikizimika Pangani, spea utaagiza kwa nani?

Fundi Kondo
Spea niachie mimi, ndiyo kazi yangu.

Nesi Bremen
Kuna jambo mlijue. Umoja wa Ulaya una sheria ya akili mnemba, na tangu tarehe 2 Februari 2025 ni marufuku mwajiri kutumia mashine kusoma hisia za wafanyakazi wake, au shule kusoma za wanafunzi, ila kwa sababu za tiba au usalama. Kwa hiyo bosi wangu haruhusiwi kuniwekea kamera ione kama nimekasirishwa na wazee. Lakini mzee mwenyewe, aliyelala kitandani, asiyeweza kuondoka mbele ya kamera, katazo hilo halimgusi. Kuna masharti kwa watengenezaji, ndiyo, ila kutazamwa atatazamwa. Mimi naweza kugoma. Yeye hata kugeuza shingo hawezi.

Zuhura Kilosa
Nimekuwa nikisoma tu, lakini hapo kwenye "kisichana cha darasa la saba" nimeshindwa kunyamaza. Dada Nesi, wewe ulipoandika kuhusu kidole gumba na shuka nilikupenda. Mbona sisi tunaofanya kazi hiyo hiyo umetuita kisichana? Nimelea mzee kwenye nyumba ya watu. Nilijua akigoma kula uji wa asubuhi basi tumbo limefunga, na nikimwambia mwenye nyumba anajibu "wewe unajua nini." Walikuja kufunga kamera sebuleni, wakasema ni kwa ajili ya usalama wa bibi. Kila nikikaa chini simu inapigwa, "mbona umekaa?" Cheti sina, lakini nimelea.

Nesi Bremen
Zuhura mdogo wangu, neno hilo ni kali, nalifuta. Nilikuwa namlenga Bi Mwantumu, si wewe.

Bi Mwantumu
Mimi tena?

Mpangani
Jamani, nimeuliza kuhusu mama. Hiyo kamera ya Zuhura ndiyo hofu yangu nyingine. Roboti ina kamera kichwani, inamwona mama akivishwa, akilishwa, akilia. Picha hizo zinahifadhiwa wapi? Mdogo wangu anasema ataziona kwenye simu yake huko aliko. Mama mwenyewe hajaulizwa, na kusikia anasikia vizuri.

Zuhura Kilosa
Kaka Mpangani, na mimi nikuulize. Sasa hivi mchana mama anakaa na nani?

Mpangani
Na dada wa kazi.

Zuhura Kilosa
Kumbe yupo. Kwenye hicho kikao chenu alikuwepo? Mmemuuliza yeye, mama akicheka anachekaje, akiumwa anafanyaje?

Mpangani
Kikaoni hakuketi. Hilo la mabega yeye ndiye aliyetuonyesha.

Msafiri Sharjah
Basi hiyo michango ya roboti iongezwe kwenye mshahara wake, na muongeze mtu wa pili wapokezane. Mwambie mdogo wako, anielewe kama mwenzake wa huku. Hata mimi naanza nyumbani kwetu mwezi huu, anayemwangalia mama nimuongeze.

Bi Mwantumu
Umeona? Jibu limekuja ni kutuma tena. Muongezeni, ni haki yake. Lakini siku hao wawili wakipumzika, Mpangani na hao ndugu zako walioafiki, nani kati yenu atambeba mama kumpeleka msalani? Taja jina.

Mpangani
Jumapili ni mimi. Kuhusu Ijumaa, nitawapigia ndugu zangu leo usiku, na safari hii dada atakaa kikaoni.

Fundi Kondo
Na hakuna aliyejibu kuhusu zile saa 18.