Mbwa wangu mdogo amemuogopa nguruwe pori, anaweza kurudi kwenye uwindaji?

Mkata_Majani:
Wakuu habari za jioni. Niko Texas upande wa mashariki, mwaka wa tatu sasa nafanya kazi kwenye ranchi ya ng'ombe. Nguruwe pori wanatumaliza, yaani unalala malisho yako safi, unaamka asubuhi utadhani trekta limelima usiku, mizizi yote iko juu. Bosi kaniruhusu niwinde, na mzee mmoja jirani akanipa watoto wawili wa mbwa, baba yao Plott mama yao Black Mouth Cur (zote ni aina za mbwa wa kuwindia), dume na jike, wana miezi mitano.

Jumamosi nikawachukua wote wawili pamoja na mbwa mkubwa wa yule mzee. Mkubwa akaibua nguruwe jike ana watoto kwenye kijito, yule mama akageuka akampiga dume wangu na pua akamrusha juu. Hakuchanika, ila toka siku ile akisikia tu nguruwe analia hata kwa mbali anaingia uvunguni mwa gari, hatoki mpaka nimvute. Dada yake hana woga ila akiona kulungu anasahau kila kitu, anatoka nduki. Je huyu dume nimeshamuharibu? Na huyu jike nimfanyeje? Naombeni msaada, roho inaniuma sana maana ni mbwa mzuri.

Kola_Nyekundu:
Mkuu pole sana. Hujamuharibu ila umemuwahisha. Miezi mitano bado anabadilisha meno, fizi zinamuuma, mifupa laini, halafu unamkutanisha na mama mwenye watoto ambaye hata mbwa mzima anamheshimu. Mimi niko huku mwaka wa kumi na moja na mbwa wangu hamuoni nguruwe wa porini mpaka afike miezi minane au tisa, wengine mwaka kabisa, inategemea na kichwa chake.

Kwanza elewa hawa wako kazi yao sio kukamata. Hawa ni wa kunusa, kumfuata, kumsimamisha na kumbwekea asiondoke mpaka wewe ufike. Kukamata ni kazi ya mbwa mwingine, wengi wanatumia American Bulldog, yule anatembea na wewe kwenye kamba amevaa koti zito na kola pana ya shingo, unamfungulia mwishoni tu. Ukimuacha mbwa wa kubweka azoee kung'ata utamzika mapema, maana dume la nguruwe meno ya chini yanajinoa kwenye ya juu kila akifunga mdomo, ni wembe ule, na mabegani ana ngozi nene kama ngao, mbwa anang'ata pale hapati kitu.

Sasa huyu muoga. Mwezi mzima asisikie wala asione nguruwe. Cheza naye, mzoeshe kuja ukimuita, apande gari ashuke apewe nyama, ajue gari ni raha. Baada ya hapo chukua kipande cha ngozi ya nguruwe wa kufugwa kifunge kwenye kamba, kiburute kwenye majani hatua ishirini tu, mwisho wa njia weka chakula chake. Akishika harufu mwenyewe utamuona, pua inaenda chini na mkia unapanda. Usimsemeshe pale, muache afanye kazi. Kesho ongeza hatua, keshokutwa weka kona.

Akishazoea tafuta nguruwe mdogo wa kufugwa, akae upande wa pili wa waya mgumu, wasigusane kabisa. Mbwa akibweka msifie, dakika tatu nne mtoe WAKATI BADO ANATAKA. Hapo ndipo watu wengi wanakosea, wanamuacha mpaka anachoka, kesho hana hamu. Na usikamate wa porini ukamhamisha kwenye gari kwenda kumfundishia, huku kusafirisha nguruwe pori hai kuna sheria kali.

Huyo mbwa jike anayekimbilia kulungu usimtoe na mdogo mwenzake. Atoke peke yake na mbwa mzee aliyetulia asiyejali kulungu, wewe ukiwa umemshika kwa kamba ndefu. Kila akigeukia kulungu unasimama, unamkataza kwa neno lile lile moja, unamrudisha kwenye harufu ya nguruwe. Inachosha ila ndiyo njia.

Mama_Njiti:
Nimesoma nikaona afya haijaguswa. Mimi ni msaidizi kwenye kliniki ya mifugo, jamani chanjo ya kichaa cha mbwa Texas ni lazima kisheria kabla hajafikisha wiki 16, kama hujachoma nenda kesho. La pili, nguruwe pori wa huku wana ugonjwa unaitwa pseudorabies. Nguruwe mzima anaishi nao, mbwa akiupata anajikuna uso mpaka anajitoboa na ndani ya siku chache amekufa, hauna tiba. Kwa hiyo msiwape mbwa nyama mbichi wala matumbo ya nguruwe pori hata kama ndiyo wamemkimbiza wao. Na wewe mwenyewe ukichuna vaa glavu, kuna ugonjwa wa brusela pale unaoingia kwa binadamu.

Halafu joto. Julai na Agosti toka usiku au alfajiri tu na ubebe maji mengi kuliko unavyodhani. Mbwa akianza kuyumba huku anahema ulimi umepanuka, uwindaji umeisha hapo hapo, mmwagie maji ya kawaida, mpeleke kliniki.

Mwana_Ruvuma:
Niko Songea. Huku kuwinda bila kibali ni kosa, kwa hiyo kijijini kwetu mbwa ni wa kufukuza tu nguruwe wasiingie kwenye mahindi. Marehemu babu alikuwa hamfundishi mtoto wa mbwa, alimuacha alale shambani na mama yake. Mama akinyanyua masikio, mtoto ananyanyua. Nakumbuka mmoja alipigwa kama huyo wako, babu akakataza mtu yeyote asimvute alipojificha. Alitoka mwenyewe siku ya nne, akakaa nyuma ya mama yake, akabweka akiwa hapo hapo nyuma. Kaka acha kumvuta huyo mbwa kutoka uvunguni.

Kola_Nyekundu:
Mwana_Ruvuma amesema neno kubwa. Nasahau na hili, huku Texas toka Septemba 2019 nguruwe pori kwenye ardhi binafsi huhitaji leseni ya kuwinda ukiwa na ruhusa ya mwenye ardhi, ila mbwa hajui uzio. Pata ruhusa na ya majirani, na mvalishe kola ya jipiesi, ile inayokuonyesha mbwa yuko wapi.

Mkata_Majani:
Asanteni sana wakuu, dada wa kliniki ubarikiwe, chanjo jike anayo, dume nampeleka Jumatatu. Nimeacha kumvuta toka juzi. Leo jioni nimekaa chini karibu na tairi na sahani yake, sijasema kitu, kama nusu saa akatoka akaja kula huku mgongo wake umegusa goti langu. Ngozi bado sijaiburuta, nasubiri mwezi uishe.