MJADALA: Binti ana A ya Advansi, anataka hisabati pyua. Bodi ya Mikopo imkopeshe kwa hilo?

Mjomba wa Ilala
Wadau, habari za jioni. Binti wa dada yangu amemaliza kidato cha sita, PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati). Advansi, yaani hisabati ya kidato cha tano na sita, ana A, Fizikia B, Kemia B. Anataka shahada ya hisabati, na si ile ya biashara wala ya kompyuta. Anataka pyua yenyewe, hisabati ya nadharia tupu: aljebra, uchambuzi (nadharia ya vikomo iliyo chini ya kalkulasi), topolojia (maumbo bila kujali vipimo). Baba yake anasema uhandisi, la sivyo takwimu bima, ile ya kampuni za bima na mifuko ya pensheni. Mimi ndiye nitakayeongezea ada pale mkopo utakapopungua, kwa hiyo kila upande unanivuta kwake.

Naomba tulitazame kama suala la nchi, si la ukoo wangu. Mkopo wa Bodi ni fedha ya umma. Je, ni haki umma umkopeshe mtu somo ambalo hakuna tangazo la kazi linalolitaja? Au ndilo somo linalostahili kulipiwa na umma kuliko yote, maana hakuna mwingine atakayelilipia? Dirisha la maombi likifunguliwa tuwe tumeshaamua.

Fundi Spana
Mkuu, nakujibu bila kuzunguka. Ingia Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali, utafute mtaalamu wa topolojia. Utakuta mhandisi, mkaguzi, mtakwimu, afisa TEHAMA, afisa ugavi. Yeye hayupo. Na Bodi wanakata asilimia 15 ya mshahara kila mwezi mpaka deni liishe, sasa mshahara wenyewe lazima uwepo kwanza. Atamaliza na GPA nzuri, atakaa kitaa, mwishowe ataishia kushika chaki sekondari ya kata. A ya Advansi iende kwenye chaki? Msiue kipaji cha mtoto.

Mwalimu wa Zamu
Fundi Spana, mimi nashika chaki sekondari ya kata. Nafundisha hisabati kidato cha kwanza hadi cha nne. Wewe kabla ya kuijua hiyo spana kuna mtu alisimama mbele yako akakufundisha kutafuta X, na bila shaka naye alikuwa na A yake. Kwa hiyo kipaji chake kiliuawa kwako?

Kila matokeo ya kidato cha nne yakitoka, hisabati ndiyo inaburuza mkia. Ufaulu umekuwa ukicheza kwenye robo au chini ya hapo. Halafu mtu mzima anaandika kwamba A ya Advansi ikienda darasani imepotea. Basi nani aende? Mwenye F?

Fundi Spana
Madam, sijamtukana mwalimu. Nimesema hali halisi ya ajira. Tusigeuze kila kitu kuwa matusi.

Mwalimu wa Zamu
"Ataishia" umeandika wewe, sijaandika mimi.

Msuli wa Usiku
Mjomba, ngoja nijibu ulichouliza, maana naona kinapotea. Hiyo hisabati nimeisoma.

Jambo la kwanza binti alijue: A ya Advansi haitabiri kitu. Advansi inafundisha kukokotoa. Unapewa integrali unaitoa, unapewa vekta unazidisha. Chuo, kabla muhula haujaisha unaulizwa kwa nini mfuatano unaopanda na wenye mpaka wa juu ni lazima ufike kwenye kikomo. Hapo hakuna cha kukokotoa, unatakiwa kuthibitisha. Epsiloni na delta, zile alama za kuthibitishia vikomo, zimewapa sapu (mtihani wa marudio) watu wenye A za kutisha, na wengine wamedisko, yaani wameondolewa chuo. Kwa hiyo miezi hii ya kusubiri chuo asikae bure. Ajifunze mantiki, seti, induksheni, uthibitisho kwa kupingana. Akizizoea hizo kabla ya kuripoti, mwaka wa kwanza utakuwa mwepesi kwake kuliko kwa wenzake wengi.

Mwaka wa kwanza ashike kalkulasi na aljebra ya nafasi za vekta mpaka ziwe zake. Mwaka wa pili ndipo pyua inapoanza kweli, na uchambuzi wa namba halisi na aljebra ya makundi na ringi. Asirundike masomo mengine mazito juu ya hayo mawili. Mwaka wa tatu achague kwa moyo: uchambuzi wa namba changamano, topolojia, nadharia ya namba. Na kuna mawili asiyaache hata kama chuo hakimlazimishi, nayo ni nadharia ya uwezekano na kuandika programu. Python inatosha. Mtu aliyezoea kuthibitisha akijua na programu, hakai kitaa kama Spana anavyodhani.

Kubwa kuliko yote: shahada ya kwanza ya pyua ni ya kuelekea ya pili. ICTP pale Trieste, Italia, taasisi aliyoianzisha Abdus Salam wa Pakistan mwaka 1964, ina diploma ya mwaka mmoja ya hisabati kwa vijana wa nchi zinazoendelea, na inawagharamia. AIMS, taasisi ya hisabati ya Afrika, ilianzia Muizenberg, Afrika Kusini, 2003, leo ipo hadi Kigali. Hawa wanataka kuona alama za uchambuzi na aljebra, na barua za wahadhiri wanaokujua kwa jina. Kwa hiyo tangu mwaka wa pili ajue nani atamwandikia, aende ofisini kwake na maswali, asiwe sura ya nyuma ya ukumbi.

Mpita Njia
Python ni ya kwenye simu au mpaka laptopu?

Msuli wa Usiku
Laptopu ni bora, ila hata ya zamani inatosha.

Tarakimu
Spana anasema haina kazi. Hardy, mwanahisabati wa Cambridge, naye alikuwa akijivunia kabisa kwamba hisabati yake haina manufaa kwa yeyote, nadharia ya namba haitamuua mtu vitani. Haikupita miaka hamsini, 1977, Wamarekani watatu wakachukua namba tasa zilezile wakatengeneza RSA, ufumbo uliokuja kulinda mawasiliano ya benki na tovuti dunia nzima. Namba tasa! Zile tulizofundishwa darasa la tano na tukaona hazina maana. Serikali isiyolipia pyua leo italipia leseni za wenzao kesho.

Mlowezi Bonn
Katika hao watatu wa RSA, Shamir si Mmarekani, ni Mwisraeli. Rivest na Adleman ndio Wamarekani. Na kabla yao kulikuwa na Mwingereza, Clifford Cocks, aliipata hesabu hiyohiyo 1973 akiwa shirika la ujasusi la mawasiliano, GCHQ. Waliifungia kabatini hadi 1997.

Tarakimu
Walikuwa chuo cha MIT, Boston. Mimi nazungumzia walikofanyia kazi.

Mlowezi Bonn
MIT iko Cambridge, Massachusetts, ng'ambo ya mto.

Fundi Spana
Hata wangekuwa Wamakonde. Wote hao walikuwa na mwajiri. Mmoja ujasusi, watatu chuo chenye fedha. Nimeuliza mwajiri wa hapa kwetu. Nitajieni mmoja tu anayemlipa mtu kwa namba tasa.

Mwalimu wa Zamu
Mimi nalipwa kwa namba tasa. Kidato cha kwanza, mada ya namba. Daraja langu la mshahara ni TGTS D, na kila mwezi Bodi wanachukua chao kabla sijauona mshahara. Sijaona aibu.

Bumu Limechelewa
Shikamooni wakubwa. Mimi niko mwaka wa pili, hisabati. Naomba niseme kitu ambacho mkiwa nje hamkioni. Darasani kwetu wengi hawakuja kwa kupenda. Waliomba uhandisi au kompyuta, wakakosa, mfumo ukawatupa huku. Wanakariri uthibitisho kama shairi la mtihani, na swali likigeuzwa kidogo wanakwama. Aliyekuja kwa kupenda unamjua wiki ya pili, anabishana na mhadhiri. Kama dada huyo anapenda kweli, mwacheni. Kama ni kwa sababu tu ana A, mwambieni ukweli mapema, maana uchambuzi hauna huruma.

Baba Wawili
Mimi nauliza tu, mtoto wa kike na topolojia wapi na wapi? Muda huo angesomea unesi au uhasibu, kazi ya uhakika, ana familia yake.

Mwalimu wa Zamu
Baba Wawili, Maryam Mirzakhani wa Iran alipata Medali ya Fields 2014, hiyo ndiyo heshima ya juu kabisa katika hisabati, na alikuwa na mume na binti. Darasani kwangu wasichana wanaanza kuchukia hisabati siku wanaposikia kauli kama yako nyumbani. Mimi naziona nyuso zao Jumatatu asubuhi.

Baba Wawili
Nilikuwa nauliza tu. Mmekuwa wakali.

Tarakimu
Na mwalimu anayedharauliwa humu ndiye aliyeijenga nchi hii. Baba wa Taifa alifundisha hisabati shule ya Pugu kabla ya siasa.

Mzee wa Tabora
Hakufundisha hisabati. Alifundisha St. Mary's hapa kwetu Tabora, akaenda Edinburgh, aliporudi ndiyo Pugu. 1955 akaacha ualimu kwa ajili ya TANU. Hisabati msimbandike.

Tarakimu
Mwalimu ni mwalimu, mzee wangu, somo lolote lile.

Fundi Spana
Sasa mnanipiga kwa jina la Nyerere. Naomba niulize swali la heshima kabisa. Vijana wangapi wenye shahada za ualimu wako mtaani sasa hivi wakisubiri usaili? Zamani mtu akimaliza anapangiwa kituo. Leo mwalimu anafanya usaili kama sisi wengine, na anarudi nyumbani. Mdogo wangu mwenyewe ni mwalimu wa Fizikia na Hisabati, somo mnalosema lina uhaba, na anauza chipsi Mbagala. Msinifanye adui wa walimu. Nimemlipia ada, namwona kila Jumapili, na ninaumia.

Mwalimu wa Zamu
Kaka, hilo ungelisema mwanzo tungezungumza vingine. Shuleni kwangu vipindi vya hisabati vya mikondo sita tunagawana wawili, na kuna watu kama mdogo wako wako nje. Hapo ndipo hasira iende, kwa anayetoa vibali vya ajira, si kwa chaki.

Kijana wa Eldoret
Huku kwetu Kenya mtu husoma BSc ya hisabati, halafu akitaka darasa anaongeza stashahada ya uzamili ya elimu, TSC, tume ya walimu, inamsajili. Mlango hauzibwi. Nashangaa mnaongea kana kwamba ni lazima achague leo mpaka kaburini.

Msuli wa Usiku
Hata hapa kwetu ipo, Chuo Kikuu Huria wanaitoa. Ila Mjomba asikilize hesabu ya Bodi. Ualimu wa sayansi na hisabati umekuwa kwenye kundi la kipaumbele la mikopo, kwa hiyo BSc ya Elimu yenye hisabati inaweza kumpa mkopo kwa urahisi zaidi. Bei yake ni kwamba masomo ya ualimu yanakula nafasi, na pyua anayoipata inakuwa pungufu. Mtu wa ICTP akitazama matokeo yake anauliza topolojia iko wapi. Kama lengo ni uzamili wa hisabati, achukue hisabati kamili na aongeze ualimu baadaye. Hiyo ndiyo njia ninayoiona mimi, na nimeona watu wakiikosa kwa kuufuata mkopo.

Mjomba wa Ilala
Wadau, nimesoma yote. Shemeji naye nimempelekea. Amesoma hiyo ya chipsi Mbagala, sasa ndiyo kabisa. Nauliza hivi: kwa mkopo nusu, huku mimi nikiongezea, kuna mtu aliyepita njia hiyo ya Msuli asikwame mwaka wa pili kwa ada?

Mlowezi Bonn
Mlete Ujerumani. Vyuo vingi vya umma havina ada, unalipia mchango wa muhula tu. Baden-Württemberg ndiyo wanatoza wageni euro 1,500 kwa muhula. Hisabati hapa hakuna kubembelezwa, uchambuzi na aljebra vinaanza wiki ya kwanza, kila wiki unapewa karatasi ya maswali, na mara nyingi usipopata nusu ya alama zake huruhusiwi kukaa mtihani.

Fundi Spana
Na ile fedha ya kufungia benki ili upate viza? Mwambie na hiyo.

Mlowezi Bonn
Ipo. Zaidi ya euro 11,000 kwa mwaka mmoja.

Bumu Limechelewa
Ukoo mzima wa kwetu ukiuza kila kitu haifiki.

Msuli wa Usiku
Mjomba, wapo waliopita. Wanasaidiana vyumba, wanafundisha tuisheni jioni, na hisabati ndilo somo wazazi wanalolipia tuisheni kuliko yote. Kabla hamjaendelea na hesabu za ada, mpe binti swali hili, bila simu: athibitishe kwamba kipeuo cha pili cha 2 hakiwezi kuandikwa kama sehemu ya namba nzima mbili. Mwachie siku nzima. Usimtazame anapata au anakosa. Tazama anafanya nini akikwama.

Mjomba wa Ilala
Nimempa jana asubuhi. Alikasirika, akaacha kula mchana, alasiri akaja na karatasi: mambo ya namba shufwa na witiri, juu na chini zote zinagawanyika kwa 2, kwa hiyo imejipinga. Usiku akanigongea mlango. Amejaribu njia hiyohiyo kwa 3 imekubali, kwa 4 imegoma, anataka kujua ni mstari upi hasa unaokatika. Sikuwa na jibu. Msuli, upo?

Msuli wa Usiku
Nipo. Mwambie atazame pale anaposema "mraba ukigawanyika kwa 4 basi na namba yenyewe inagawanyika kwa 4". Ajaribu na 6. Mraba wake ni 36.

Fundi Spana
Sawa, ana akili, hilo sikulipinga tangu mwanzo. Lakini Madam, ile mikondo sita ni ya shule gani? Mdogo wangu yuko tayari hata kujitolea, mradi asahau chipsi.

Mwalimu wa Zamu
Njoo faragha nikupe namba ya mkuu wa shule. Posho ni ya kamati ya wazazi, ndogo sana, usimdanganye.

Baba Wawili
Hivi mkopo ulishajibiwa?