Albamu ya kwanza ya deth metali kwa sikio la mpiga dansi: Altars of Madness au Left Hand Path?

Kinubi (mleta mada)

Wanajukwaa, nawasalimu nyote. Nina mdogo wangu ambaye anapiga gitaa la rithimu katika bendi ya dansi, na kwa miaka mingi amekuwa akinicheka kila anaponikuta na hedifoni masikioni, akidai kwamba ninasikiliza mashine ya kusaga nafaka. Wiki iliyopita, kwa hiari yake mwenyewe, aliniomba nimchagulie albamu moja tu ya deth metali, yaani ule muziki wa roki mzito wa magitaa makali na sauti za kunguruma, aisikilize tangu mwanzo hadi mwisho bila kuruka wimbo, kisha atoe hukumu. Najua kwamba nafasi hii haitarudi.

Nimechuja hadi nikabakiwa na mbili: Altars of Madness ya bendi ya Morbid Angel, iliyotoka Mei 1989, na Left Hand Path ya bendi ya Entombed, iliyotoka Juni 1990. Ni kama watoto wa nyumba moja. Zote mbili zilitolewa na kampuni ya Earache ya Nottingham, Uingereza, na majalada yote mawili yalichorwa na Dan Seagrave: la kwanza ni nyuso zilizosongamana hadi zikawa donge moja, la pili ni mandhari yenye njia ambayo mtu mwenye akili timamu asingeifuata. Hata hivyo, moja ilirekodiwa katika studio ya Morrisound, Tampa, Marekani, Desemba 1988, na nyingine katika studio ya Sunlight, Stockholm, Uswidi, mwaka mmoja baadaye, na milio yake haifanani hata kidogo. Mngempa ipi, na kwa sababu gani?

Sikio_la_Tatu

Mleta mada, mpe Altars of Madness. Mpiga rithimu wa dansi amezoea kusikia kila chombo kikiwa na kazi yake, solo juu, rithimu katikati na besi chini, wala hakuna anayemkanyaga mwenzake. Fundi Tom Morris aliirekodi Morbid Angel kwa namna inayoukaribia utaratibu huo, kwani magitaa hayakutiwa mwangwi mwingi, na hata mwendo unapokuwa wa kasi ya kutisha bado unaweza kufuata vidole vinakokwenda. Trey Azagthoth na Richard Brunelle wanagawana solo, na baada ya kusikiliza mara tatu au nne utawatofautisha bila kusoma jalada: Azagthoth anamwaga noti kama mtu aliyepasukiwa na gunia la karanga sakafuni, ilhali Brunelle anazipanga zake kwa mafungu.

Jambo la kumtahadharisha ni sekunde za mwanzo kabisa. Wimbo wa kwanza, Immortal Rites, unafunguliwa kwa rifu, yaani kipande kifupi cha gitaa kinachorudiwarudiwa, iliyogeuzwa ikasikika kinyumenyume. Mimi niliisikia mara ya kwanza kwenye kaseti ya kuazima, nikadhani redio imetafuna mkanda wa watu. Nikaitoa haraka, nikaanza kuukaza kwa kalamu huku nikitunga maneno ya kuomba radhi. Niliporudisha kaseti na rifu ileile ikatokea sasa ikiwa imenyooka, nilikaa chini.

Aidha, nyimbo hizi hazikulipuliwa. Chapel of Ghouls, kwa mfano, ilikuwa imekwisha kurekodiwa mwaka 1986 kwa ajili ya albamu ya Abominations of Desolation, ambayo bendi iliiweka kando na ikaja kutoka rasmi mwaka 1991. Ukilinganisha rekodi hizo mbili utaona jinsi wimbo uleule ulivyokazwa, hasa baada ya kuingia mpiga ngoma Pete Sandoval, mzaliwa wa El Salvador aliyetoka katika bendi ya Terrorizer. Anapopiga blasti, yaani mkono na mguu vikipokezana kwa kasi hadi sikio lisikie mvumo mmoja, bado hesabu haimpotei.

Bi_Santuri

Ndugu Sikio_la_Tatu ameeleza vyema, ila amesahau kwamba mpiga rithimu hasikilizi kwa masikio peke yake, bali kwa mguu na kiuno pia. Altars of Madness itamvutia kama fundi, naye ataisifu kwa heshima zote na hatairudia. Left Hand Path ina mwendo. Nicke Andersson, aliyepiga ngoma na kutunga sehemu kubwa ya muziki, alikulia katika panki, na mapigo yake yana ule mdundo wa kusukuma mbele ambao mchezaji yeyote wa jukwaani anautambua mara moja.

Kuhusu mlio wa gitaa, naomba niueleze taratibu, kwa sababu mdogo wako atauliza. Unatokana na kifaa cha mguuni cha kubadili mlio wa gitaa, HM-2 cha kampuni ya Boss, kisanduku cheusi chenye maandishi ya rangi ya machungwa, kilichotengenezwa kati ya 1983 na 1991. Kina vitufe vinne vya kuzungusha: kimoja cha ukubwa wa sauti, kimoja cha sauti nene, kimoja cha sauti nyembamba, na kimoja cha kukwaruza. Mtu wa kawaida angetafuta mahali pazuri katikati. Mpiga gitaa Leif Cuzner, alipokuwa katika bendi ya Nihilist, ambayo ilivunjika mwaka 1989 na kuzaa Entombed, alivizungusha vyote vinne hadi vikagoma. Mlio uliotoka ni wa msumeno wa mashine unaopita kwenye gogo la mninga, na mtayarishaji Tomas Skogsberg aliurekodi pale Sunlight bila kujaribu kuulainisha. Kifaa hicho kilikuwa kimeachwa kutengenezwa kwa karibu miaka 30 Boss ilipokirudisha mwaka 2020, na sababu kubwa ni watu wanaoutaka mlio huo wa Stockholm.

Tena, mwache afike nusu ya pili ya wimbo uliobeba jina la albamu. Mwendo unashuka, na gitaa linaingia na tuni iliyochukuliwa kutoka filamu ya Phantasm ya mwaka 1979, tuni ya huzuni isiyo na haraka yoyote. Nimewahi kuipiga mbele ya wageni waliokuwa wakilalamika tangu mwanzo wa wimbo, wakanyamaza.

Mzee_wa_Besi

Mmoja wenu ameitaja besi kwa kupita tu na mwingine hakuitaja kabisa, na ndivyo ilivyo kawaida yenu. Katika Left Hand Path imemezwa na huo msumeno. Kama mtaniruhusu kutoka nje ya swali, mimi ningempa Human ya bendi ya Death, iliyotoka 1991. Kiongozi wake Chuck Schuldiner, aliyefariki Desemba 2001 akiwa na umri wa miaka 34, alikusanya pale Sean Reinert wa ngoma na Paul Masvidal wa gitaa, wote kutoka bendi ya Cynic na wote wakiwa na masikio yaliyopitia jazi, pamoja na Steve DiGiorgio wa besi. Ila nunueni toleo la 2011 la kampuni ya Relapse, ambalo Jim Morris alichanganya sauti zake upya, kwa sababu katika toleo la awali DiGiorgio anapiga kama mtu aliyefungiwa chumba cha pili.

Kaka_Mnyamavu

Naomba kuuliza jambo ambalo halijaguswa. Mdogo wako ni mtu wa ibada? Nauliza kwa sababu mwimbaji David Vincent, katika Altars of Madness, huunguruma huku akiyatamka maneno kwa ukali unaosikika, na maneno yenyewe yanaikufuru dini bila kificho. Mwimbaji Petrov wa Entombed, marehemu tangu Machi 2021, anaimba mambo yasiyo mbali na hayo, lakini sauti yake ni nzito na inatoka kooni kiasi kwamba asiyeshika karatasi ya maneno hataambulia mengi. Kwa upande huu, pendekezo la Mzee_wa_Besi lina uzito, maana Human inazungumzia zaidi tabia za watu na usaliti wao.

Bi_Santuri

Kaka_Mnyamavu, hoja ni ya kweli, lakini anayejificha nyuma ya sauti isiyoeleweka anamficha mwenzake ukweli. Mleta mada amweleze mapema maudhui ni yapi, kisha amwachie uamuzi.

Kinubi (mleta mada)

Nawashukuru sana, na samahani kwa kuchelewa kurudi kwenye uzi. Nilimweleza maudhui kama alivyoshauri Bi_Santuri. Akajibu kwamba amepiga muziki kwenye baa kwa miaka kumi na maneno hayamtishi. Human nimeiweka akiba, Mzee wangu, kwa sababu niliahidi moja tu. Nilimpa Altars of Madness.

Aliisikiliza Jumapili mchana, gitaa likiwa mapajani, na mara tatu alinirudisha nyuma kwenye Immortal Rites, si kwa ajili ya rifu iliyogeuzwa bali kwa ajili ya pale katikati ambapo kinanda kinaingia. Alitaka kujua ni nani aliyemruhusu mpiga kinanda kuingia humo. Kuhusu Sandoval alisema kwamba ni hodari, lakini angemfukuza bendi ndani ya wiki moja kwa kuwa hampi mwenzake pa kupumulia. Mwisho akakiri kwamba si mashine ya kusaga.

Hapo ndipo nilipovunja ahadi, nikamwekea ile nusu ya pili ya Left Hand Path peke yake. Hakusema kitu. Jana usiku nilimsikia uani na gitaa kavu, akiitafuta tuni ile noti kwa noti, na alipokosea alirudi mwanzo kabisa.

Sikio_la_Tatu

Kwa hiyo nimeshinda mimi au Bi_Santuri?

Kinubi (mleta mada)

Yeye anasema amependa Altars of Madness zaidi. Ila anaulizia bei ya hicho kisanduku cheusi.