Kichaka, kijisitu au chaka? Naomba ushauri kwa ajili ya shairi

Mpangavina: Wakuu, habari zenu. Naandika tarbia (shairi la mishororo minne kila ubeti) kuhusu miti michache mirefu iliyoachwa katikati ya mashamba, pale wazee wanapoketi jua likiwa kali. Mshororo wa kwanza ni huu:

*Kichaka chenye mivule, kivuli chake baridi*

Mhariri anasema "kichaka" hakikai hapo. Niweke nini bila kuharibu mizani, yaani silabi 8 kila nusu ya mshororo?

Bi Kalamu: Mhariri ana hoja. Kichaka ni miti mifupi na vijiti vilivyosongamana. Hapaketi mtu hapo. Hujificha sungura, nyoka na mwizi. Ndiyo maana husemwa fulani "anatumia dini kama kichaka". Mvule nao ni mti unaoweza kupita mita 30, kwa hiyo picha inagongana. Weka kijisitu. Ila angalia: "Kijisitu chenye mivule" ni mizani 9. Toa "chenye", weka "cha": ki-ji-si-tu cha mi-vu-le, 8 kamili. Utao, ile nusu ya pili ya mshororo, usiuguse.

Mkwaju: Kijisitu kisikae mwisho wa mshororo. Kina, yaani silabi ya mwisho inayofanana, cha "tu" kitakuishia mapema, utazunguka na watu, utu, kitu, chatu basi. Kina cha "ka", kama cha kichaka, kina vitenzi tele: fika, anguka, ondoka. Na ukirudi kwenye "msitu", ile "m" ina mizani yake: m-si-tu, 3. "Mwitu" ni 2. Wanaoimeza hiyo "m" hujikuta na mizani 9 wakidhani ni 8.

Mpangavina: Asanteni. Na "chaka"? Limenivutia kwa ufupi wake.

Bi Kalamu: Msongamano ni uleule, na kwa Bongo "kuingia chaka" ni kupotea njia au kupotoshwa. Andika "wazee waliingia chaka" uone watu watakavyocheka! Libakishe kwa hadithi ya uwindaji.

Mnyonge wa Kwale: Kama mahali penyewe ni pa matambiko, na ni pwani ya Kenya, neno lipo: kaya. Mfano ni Kaya Kinondo huku Kwale, ambako mgeni hujifunga kitambaa cheusi na hatoki na kitu, hata jani. Shida ni kwamba msomaji wa Tanzania akiona "kaya" anawaza watu wa nyumba moja, wale wa kuhesabiwa kwenye sensa. Tanguliza "msitu" asipotee. "Msitu wa kaya" ni mizani 6, ukiongeza "ule" unapata 8 na kina chako cha kati kinabaki:

*Msitu wa kaya ule, kivuli chake baridi*