Dakika 10 mbele ya kamati ya mikopo, nianzie wapi?

Katibu wa Mwaloni
Mwangaluka wakuu. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama 18 tunaoanika dagaa Igombe, hapa Mwanza. Alhamisi ijayo tunaitwa halmashauri tueleze kwa nini tupewe mkopo wa vichanja, yaani meza za wavu za kuanikia juu, maana mpaka leo tunaanika chini mchangani, na mvua ikinyesha mzigo wote unageuka chakula cha kuku.

Mara ya mwisho kuwasilisha mada, mbele ya shirika moja, niliaibika. Nilikuwa na slaidi 23. Andiko letu lote nililibandika humo jinsi lilivyo, nikawapa watu mgongo nikawa nasoma ukutani. Slaidi ya 6, umeme ukakatika. Mzee mmoja akauliza kwa upole tu, "Sasa mama, mnaomba nini?" Nikabaki natoa macho. Jibu lilikuwa slaidi ya 21.

Safari hii nifanyeje?

Chaki Nyeupe
Pole dada. Huyo mzee amekusaidia kuliko unavyodhani. Swali lake ndilo liwe sentensi yako ya kwanza: sisi ni fulani, tunaomba shilingi kadhaa, za vichanja kadhaa, tutarejesha kwa miezi kadhaa. Hata umeme ukikatika hapohapo, wameshasikia.

Halafu fanya mazoezi kwa sauti, umesimama, simu ikihesabu muda. Kusoma kimoyomoyo kitandani si mazoezi. Ukipewa 10, jiandae kwa 8.

Nyuma ya Meza
Nimewahi kukaa kwenye kamati ya namna hiyo, wilaya nyingine hukuhuku kanda ya ziwa. Tunasikiliza vikundi tangu asubuhi, na nyie mkipangwa baada ya chakula cha mchana mtatukuta tumeshiba ugali na sangara, macho mazito. Ukianza kutusomea kwamba halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, umetupoteza. Hayo ndiyo tunayoshinda nayo.

Tunachotaka kujua ni marejesho. Nakuhakikishia mtu atauliza: siku za mbalamwezi, taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi imelala ufukweni, nyie mtalipa na nini? Kikundi kinachojibu hilo bila kutazamana usoni kinapita. Mweka hazina awepo, na daftari lake. Usijibu swali la hesabu wewe kama hesabu anazo yeye.

Kirumba Damu
Mama achana na projekta. Mimi nauza dagaa Kirumba, wateja wangu wengine wanavusha mpaka Kongo. Mnunuzi mzoefu hasikilizi maneno, anatia mbili mdomoni, anatafuna, mchanga ukilia tu bei inashuka.

Beba glasi mbili za maji. Moja tia konzi ya dagaa wa mchangani, nyingine wa kichanjani. Koroga, ziweke mezani, endelea kuongea. Wenyewe wataona kinachotuama chini. Kama hamna kichanja, fungeni wavu chakavu kwenye miti minne, mwanike kidogo, siku moja ya jua kali inatosha.

Chaki Nyeupe
Hiyo ya glasi naiiba niipeleke darasani.

Katibu wa Mwaloni
Asanteni sana. Jana nimejaribu nyumbani. Glasi ya mchangani ilichafuka mara moja, na baada ya dakika chache chini pametuama mchanga unene wa ukucha. Mama mkwe akaitazama, akasema, "Kumbe ndicho tunachokula?" Hakugusa mboga usiku ule.

Mwanangu wa darasa la nne ndiye alikuwa na simu. Mara ya kwanza dakika 14. Nikakata historia ya kikundi yote, na salamu za viongozi nikazifupisha, ikawa 9. Bado naongea mbio nikifika kwenye fedha.

Kuhusu mbalamwezi, mweka hazina anasema tukaushe mzigo wa kutosha kabla mwezi haujakomaa, tuweke stoo, tuuze dagaa wakiadimika. Nalipenda jibu hilo, ila sitaki kulisema nikaulizwa la pili nikakwama tena. Aliyewahi kuhifadhi dagaa wa kichanjani aniambie: wanakaa wiki ngapi kwenye gunia kabla wadudu hawajaingia?